Aliyeonja Kwanza

MOJA

Mpangaji alianza kudai chakula kabla Fausta hajafika hata kona ya kanisa. Bangili ilimtetemesha mkono mara moja, ikanyamaza, kisha ikamtetemesha tena kwa nguvu zaidi, kama mtoto anayevuta kanga ya mama yake sokoni. Fausta akaingiza mkono kikapuni, akatoa chupa ya uji mchachu, akaunywa huku anatembea. Kwa mtu aliyelelewa Idunda, kunywa uji njiani ni kukosa adabu, lakini Mpangaji hakulelewa Idunda. Alizaliwa ndani ya mtungi wa kioo katika Nyumba ya Kutulia, hospitali ya walevi ng'ambo ya mto iliyomvisha Fausta bangili ile, na alichojua yeye ni kula tu.

Walimwita Mpangaji kwa kuwa jina lake la kitaalamu lilikuwa refu kuliko subira ya wagonjwa. Kwa kweli hakuwa mmoja. Alikuwa ukoo mzima wa bakteria, ndugu wa wale wanaogandisha mtindi na kuchachusha togwa, ila hawa walifundishwa kazi ya ziada. Wakishapata makazi utumboni, wakalishwa vyakula vichachu na vyenye makapi, hutoa kemikali ambayo mshipa wa fahamu unaopanda kutoka tumboni hadi ubongoni huisoma kuwa ni shibe. Si shibe ya ugali peke yake. Ni shibe hata ya ile kiu iliyomfanya Fausta, miaka ile ya gongo, aung'oe mlango wa jiko la mama yake mzazi pamoja na bawaba zake, akaubeba kichwani mchana kweupe hadi kwa muuza gongo, watu wakimtazama.

Mlango ule haukurudi. Alipoingia uani alikuta jiko bado limezibwa kwa kanga kuukuu, na aibu ikampanda upya, mbichi kabisa.

Mama yake, Bi Kresensia, alitoka akipangusa mikono kwenye sketi. Alimtazama bintiye kuanzia miguuni hadi kichwani, tena bila haraka, kama anayekagua mbuzi wa kununua.

"Umenenepa," alisema hatimaye, na machozi yakamlengalenga.

"Nimenenepa, mama. Siku hizi tuko wengi humu ndani."

Walicheka wote wawili, kisha wakalia, kisha mama akakumbuka kwamba yeye ndiye mama. "Jumapili watakuja watu. Utapika togwa wewe mwenyewe, kwa mkono wako, waone."

"Nani atakunywa togwa ya mlevi?"

"Watakunywa. Utaonja kwanza kama mtu mwingine yeyote."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya Idunda, na hakuna aliyeifikiria zaidi ya anavyofikiria kupiga hodi. Anayewapikia wageni togwa huonja mara mbili: mara ya kwanza anapokiweka chungu pembeni ya meko kilale kichachuke, mara ya pili anapokifunua mbele ya wageni. Na kilichobaki kwenye kata hukirudisha chunguni. Kukimwaga ni kuwaambia watu kwamba kuna kitu kibaya humo. Kuna wanawake walioachika kwa tone moja lililodondoka bahati mbaya.

Basi Jumamosi Fausta alipika uji mzito wa mahindi, akauacha upoe hadi kidole kikavumilia, akatia kimea cha ulezi, akakoroga mpaka ukalegea. Akachota kwa kata, akaonja, akasikia utamu unaanza kuja. Kilichobaki akakirudisha chunguni, akafunika, akaenda kulala akiwa na furaha. Nyumba ya Kutulia iliwaonya wagonjwa mambo mengi, lakini chungu kinachoonjwa kisha kikalazwa kwenye joto hakikuwamo.

Jumapili walikuja majirani wachache na Osmundi, kaka yake mkubwa. Osmundi alikuwa mtu wa mgodini. Malori ya chuma yalijiendesha yenyewe siku hizi, ila yalipokwama kwenye tope, yeye ndiye aliyeyakwamua kwa vifimbo viwili vya mkononi, ameketi kibandani mbele ya kioo, mbali kabisa na shimo lenyewe. Siku za kazi alikunywa baada ya zamu. Siku za mapumziko alianza na ulanzi, pombe ya mianzi, ule mkali wanaouita mkangafu, akamalizia na gongo, na mkewe alikuwa amesharudi kwao na watoto.

Alifika akinuka pombe ya jana. Fausta alionja mbele ya watu wote, akarudisha kilichobaki, akamkabidhi kata. Osmundi akanywa, akanywa tena, akajilamba masharubu.

"Dada, hii ni togwa. Sasa nisikilize mbele ya mama. Nimefurahi umepona. Lakini mama asianze tena kuniimbia habari za ile Nyumba. Nilifika mpaka getini kwao nikageuka. Mimi siwekewi mdudu tumboni. Nikifa, nife na tumbo langu mwenyewe."

"Hakuna aliyekulazimisha, kaka," Fausta alisema, na akamjazia kata nyingine.

MBILI

Alhamisi Osmundi alikuja asubuhi na kipande cha mninga begani.

"Nina nafasi," alisema, kana kwamba nafasi ni kitu alichookota njiani. "Nimeona niwatengenezee mlango wa jiko. Togwa ipo?"

Ilikuwapo. Katika Idunda chungu cha togwa hakioshwi wala hakiachwi kikaisha kabisa. Masalia ya leo ndiyo yanayoamsha ya kesho, kwa hiyo chungu cha Jumapili kilikuwa kikiendelea kuishi. Fausta alichota, akaonja, akarudisha, akampa. Osmundi aliinama kupokea, pumzi yake ikampiga Fausta mkononi, na bangili ikatetemeka kwa namna ambayo hakuwa ameisikia tangu atoke ng'ambo ya mto.

Aliitazama. Kwenye kioo chake kidogo kulikuwa na nukta ya kijani, ambayo ndiyo yeye. Kando yake kulikuwa na nukta nyingine.

Bangili zilinusa hewa ya karibu, na kila pumzi yenye Mpangaji ikawa nukta. Kule Nyumba ya Kutulia, wagonjwa walipokaa kula pamoja, kila kioo kilijaa nukta kama mtama uliomwagika, na hakuna aliyeshangaa. Hapa uani palikuwa na watu watatu tu, na mmoja alikuwa mama, ambaye hajawahi kugusa pombe maishani mwake. Fausta alisogeza mkono kwa mama. Nukta moja. Akausogeza kwa kaka yake aliyekuwa akipiga randa ubao na kuimba puani. Nukta mbili.

Alielewa yote kwa mpigo. Tumbo la mtu asiyekunywa limejaa wenyeji wake, Mpangaji hapati hata pa kuweka mkeka. Lakini tumbo lililounguzwa na gongo ni nyumba tupu iliyoachwa wazi. Ndiyo sababu mama na majirani walikunywa chungu kilekile na hawakupata kitu. Osmundi alimkaribisha bila kujua kwamba amebisha hodi.

"Kaka," alisema. "Hivi tangu Jumapili umekunywa nini?"

"Hiyo ndiyo ajabu." Osmundi aliacha randa. Uso wake ulikuwa na haya kidogo. "Sijanywa kitu. Jumatatu nilipita kilabuni nikasimama mlangoni, nikajiuliza nimefuata nini. Nikarudi nyumbani nikalala. Nimempigia wifi yako simu, amepokea. Unajua ni lini mara ya mwisho alipokea?"

Bi Kresensia alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua maharage. Alifumba macho tu, midomo ikitembea, na Fausta alijua anamshukuru nani.

Hapo ndipo alipopaswa kusema, na alijua hivyo. Kule Nyumba ya Kutulia hakuna aliyepewa Mpangaji kabla hajaachishwa pombe polepole na moyo wake kupimwa, maana Mpangaji ana mkataba mmoja mkali. Akikutana na pombe tumboni huigeuza sumu kabla ini halijapata habari. Uso huwaka, moyo huenda mbio. Aliyetulia vizuri hutapika na kujuta. Mnywaji wa miaka mingi ambaye hajapimwa, kopo moja laweza kumtosha. Fausta alimwona mzee mmoja aliyeficha kichupa kwenye soksi. Walimfunika shuka kabla ya chakula cha mchana.

Lakini akisema, Nyumba watakuja. Sheria yao ilikuwa fupi: Mpangaji akijifunza njia ya kutoka, aliye naye hunyweshwa dawa ya kumfukuza, na haruhusiwi kupewa mwingine mpaka uchunguzi wao uishe, na uchunguzi wao haujawahi kuisha kwa mtu yeyote. Atabaki yeye na ile kiu, uso kwa uso, katika jiko lisilo na mlango. Na Osmundi akijua amewekewa kile alichokikataa mbele ya watu, atakwenda kunywa kwa hasira tu.

Aliyapanga mawazo hayo vizuri mno, na mwenyewe alijishtukia. Miaka ya ulevi alikuwa hodari vilevile wa kupanga sababu.

"Niongeze," Osmundi alisema, akinyoosha kata.

Mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Hii haikuwa bahati mbaya. Fausta alichota, akaonja, akarudisha kilichobaki, akampa kaka yake anywe.

TATU

Tangu siku hiyo hakutulia. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Aliamka kusikiliza kama kuna anayepita kuelekea kilabuni, akapanga kuni, akazipangua. Kila Osmundi alipopiga hodi, bangili iliingia kwenye kopo la unga, maana ilikuwa ikituma habari zake Nyumba ya Kutulia kila jua linapochwa, na za Alhamisi ile hazikufika kwa kuwa tu mtandao ulikatika. Mpangaji naye hakupenda fadhaa. Alimnyonga tumbo, akadai uji, na uji haukupita kooni. Fausta alianza kukonda, na mama akasema ni kazi nyingi.

Daktari Mlelwa alikuja kumkagua bila taarifa, pikipiki yake ya umeme ikiwa haisikiki mpaka ilipoingia uani. Alikuwa kijana wa milima hiyohiyo, mpole, mwenye miwani inayomteleza puani. Alimwamkia Bi Kresensia, akaketi, akaiweka bangili juu ya kitabu chake cha kioo.

"Mpangaji mzima. Ana njaa kidogo. Lakini kuna nyakati bangili imekaa kimya, dada Fausta."

"Huwa naivua nikiosha vyombo."

"Haidhuriki na maji."

"Mazoea tu, daktari."

Aliinua macho. Hakuwa na hila machoni, na hilo lilimuumiza zaidi. "Lazima niulize, naomba usione nakushuku. Kuna mtu yeyote hapa aliyebadilika? Aliyeacha ghafla? Sisi tulipima kila kitu. Vijiko, vikombe, hata busu, na wagonjwa walicheka sana siku ile. Nje ya tumbo Mpangaji hufa haraka. Lakini anabadilika, na mimi ndiye nitakayejibu akimuua mtu."

Nyuma ya jiko patasi ilikuwa ikigonga. Fausta alisikia kila pigo kwenye meno yake.

"Hakuna," alisema.

Osmundi alichungulia kutoka kona ya jiko, mbali na bangili, vumbi la mbao kwenye nywele. "Daktari! Bado mnawawekea watu wadudu?"

"Huyu ndiye kaka aliyegeuka getini?" Mlelwa alitabasamu. "Naona leo macho ni meupe. Umeachaje?"

"Nimeachia kwenye togwa ya dada! Funga hiyo Nyumba yenu, leta watu hapa."

Walicheka wote, na Fausta akacheka nao. Alisubiri daktari aache kucheka. Alisubiri ageuke akitazame chungu. Nusu yake iliomba ageuke.

"Hata mimi nimekulia togwa," Mlelwa alisema. "Bibi yangu alikuwa hanipi mpaka aonje. Nipe kidogo basi."

Fausta alichota, akaonja, akarudisha kilichobaki, akampa. Mtu aliyempima Mpangaji kwenye vijiko na busu alitazama jambo lile likifanyika mbele ya pua yake, akaona adabu tu, kwa sababu ni adabu aliyofunzwa akiwa mtoto. Akanywa kata nzima, akasifu uchachu, akapanda pikipiki.

"Mbona unalia?" mama aliuliza.

"Moshi."

"Moshi gani? Moto umezimika tangu asubuhi."

NNE

Mvua ilikuwa ikinyesha siku Fausta alipotoka bombani na kukuta patasi imelala juu ya mlango uliobakia kupigwa bawaba.

"Kaka yuko wapi?"

"Kilabuni," mama alisema, akaona uso wa bintiye, akaharakisha. "Si kunywa! Siksti anahamishwa mgodi, wanamuaga. Amesema atashika kopo moja tu la heshima, wasimwone anajidai. Hata hamu hana, mwenyewe kaniambia. Fausta? Vaa viatu!"

Hakuvaa. Aliteremka mteremko wa shule akiteleza, tope hadi magotini, ndoo ya maji imebaki pale alipoitupa. Hilo hakuwa amelifikiria hata mara moja. Alikuwa akilinda kiu ya Osmundi, na kiu ilikuwa imelala. Lakini watu wa Idunda hawanywi kwa kiu peke yake. Wananywa kwa kuagana, kwa kupatana, kwa kuogopa kuitwa mwenye maringo. Mpangaji hana dawa ya hayo.

Kilabu kilikuwa kimejaa. Ulanzi ulikuwa umekomaa kwenye mapipa, harufu yake tamu na kali ikamfika Fausta mlangoni, na hakusikia chochote moyoni. Osmundi alikuwa amesimama katikati ya wenzake, kopo limejaa mkononi, Siksti ameshika bega lake na wengine wanapiga makofi.

"Kaka, weka chini!"

Makofi yakafifia. Osmundi akageuka, akaona tope, akaona miguu mitupu. "Mama ana nini?"

"Mama mzima. Weka chini hilo kopo. Una Mpangaji."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengi.

"Alitoka kwangu," Fausta alisema kwa sauti, kwa kuwa akinong'ona asingemaliza. "Alipita kwenye chungu cha togwa nilipoonja. Sikujua. Kisha nikajua. Nimejua tangu siku ulipoleta ubao, na nimeendelea kukupa, nikamdanganya daktari, ili nisinyang'anywe wangu. Ukinywa hiyo utakufa, kaka."

Osmundi alimtazama. Hasira ilikuwa bado haijafika. Kilichotangulia kilikuwa huruma, na huruma ile ilimkata Fausta. "Mama amekutuma. Mnaogopa nitarudia. Dada, mimi nimeacha kwa akili yangu mwenyewe, mnanielewa? Kwa mara ya kwanza nimefanya kitu kwa akili yangu."

Fausta akamwonyesha bangili, nukta mbili.

"Bangili yenu itasema mnachotaka iseme." Akainua kopo. "Siksti, safari njema."

Fausta alimshika mkono, akalichukua kopo. Osmundi hakupigana naye, alidhani analitupa. Hakulitupa.

"Kwetu hakuna anayekunywa kabla hajaonja anayekaribisha," alisema. "Ngoja nionje."

Akanywa mafunda mawili.

Kwanza palikuwa na utamu, na kwa nukta moja ya muda alimkumbuka Fausta wa zamani kama mtu aliyekutana naye safarini. Kisha uso ukawaka. Moto ulipanda kutoka kifuani hadi kwenye mizizi ya nywele, macho yakajaa damu, moyo ukaanza kupiga bila mpangilio, ukigonga mbavu kama unatafuta pa kutokea. Hakujua kama atakufa. Kule Nyumbani waliwaambia kwamba aliyetulia vizuri hafi, ila hakuna aliyewaambia vipi kuhusu aliyeshinda wiki nzima bila kula kwa woga. Alisikia watu wakirudi nyuma, benchi likaanguka.

Kopo lilikuwa bado mkononi, limebakia zaidi ya nusu. Mkono wenyewe, kwa mazoea ya miaka yote, ulianza kwenda kwenye pipa kurudisha. Fausta aliuzuia. Aliunyoosha mbele ya watu wote wa Idunda, akalipindua kopo, ulanzi ukamwagika sakafuni mpaka tone la mwisho.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Siksti aliweka kopo lake chini polepole. Osmundi alikuwa akitazama sakafu, mkono juu ya tumbo lake mwenyewe, kama mtu aliyesikia hatua za miguu katika chumba alichokifunga.

TANO

Osmundi alimbeba mgongoni hadi nyumbani, kwenye mvua. Alimlaza kitandani, akasimama mlangoni.

"Nilisema mbele yako," alimwambia. "Nilisema siwekewi. Ukanijazia kata."

"Ndiyo."

"Nikadhani ni mimi. Nilimwambia mke wangu ni mimi."

Hakupaza sauti. Fausta angefurahi kama angepaza sauti. Alitaka kusema samahani, akaona neno lenyewe ni dogo mno, akalisema hivyohivyo. Osmundi aliondoka.

Habari za kilabuni zilimfikia Daktari Mlelwa, akaja na kichupa cha dawa. Alikuwa amevimba macho. Alikaa na kata mkononi, akiigeuzageuza. "Nilikunywa," alisema. "Ulionja mbele yangu, nikanywa, nikasifu." Kisha akamnywesha dawa ya kumfukuza, kwa kuwa ndiyo sheria, na Fausta hakubisha. Jioni nukta yake ilipauka. Asubuhi haikuwapo.

Kwa Osmundi mambo yalikuwa mengine. "Wewe hukuweka sahihi kwetu," daktari alimwambia. "Moyo wako nimeupima, unafaa. Lakini siwezi kumtoa wala kumwacha bila ridhaa yako."

"Kumbe mnajua kuuliza," Osmundi alijibu. "Nipeni muda."

Kiu ilirudi kwa Fausta kabla ya chakula cha mchana. Haikuuliza njia. Ilikaa kwenye taya, kwenye viganja, kwenye unyayo, ikamtembeza kutoka chumbani hadi jikoni na kurudi. Mama alimshika mkono walipolala, kama alivyomshika akiwa na surua. Alikula mtindi, alikunywa uji mchachu, alikula ndizi, akijaribu kuwaita wenyeji wake wa zamani warudi kwenye nyumba iliyobaki tupu. Walirudi kwa kusuasua. Usingizi ulimjia vipandevipande. Mara mbili alifika kona ya kanisa, upande wa kilabuni, na mara mbili akageuka, na hakuna aliyemwona wala kumpongeza.

Osmundi alikuja asubuhi moja yenye baridi. Hakusalimia. Aliuinua mlango, akaupiga bawaba, akaufungua na kuufunga mpaka ukaacha kulia. Kisha akatoka, akarudi na chungu kidogo kilichofunikwa kwa jani la mgomba, akakiweka chini kati yake na dada yake.

"Nimepika mwenyewe. Ina mabonge."

Fausta alitazama chungu. Moyo ulianza kwenda mbio.

"Nimemwacha akae," Osmundi alisema. "Si kwa ajili yako. Nilikaa nikamfikiria kama mtu aliyeingia bila hodi, nikataka kumtoa kwa hasira tu. Halafu nikaona hasira yangu ni juu yako, si juu yake. Mke wangu nimemweleza ukweli. Amesema atakuja aone."

"Daktari anajua umeleta hiki?"

"Nilimwambia nakuja kukuuliza swali. Akasema miwani yake ina ukungu, na masikio vilevile."

Alifunua chungu, akachota kwa kata, akaonja. Kilichobaki akakirudisha. Akachota tena, na safari hii hakumpa. Aliishika kata kifuani pake.

"Unataka? Nakuuliza. Ukisema hapana nakimwaga hapa hapa, na watu waseme watakavyo."

Fausta alifungua mdomo, na mate yakamjaa. Alitaka kwa taya, kwa viganja, kwa unyayo, mahali palepale ilipokaa ile kiu ya gongo. Hilo lilimtisha kuliko kilabu.

"Nataka," alisema. "Nataka sana, kaka. Na kiu yenyewe ni ileile. Siwezi kuzitofautisha."

Osmundi alifikiri. "Basi kaa nayo kwanza. Chungu hakiendi popote."

Aliirudisha kata chunguni. Wakakaa. Upepo wa mlimani uliingia jikoni ukapeperusha majivu, na mama, huko nje, akaacha kutwanga ili asikie vizuri. Fausta aliinuka, akaenda hadi mlangoni, akaweka kiganja juu ya ubao mpya. Angeweza kutoka. Kona ya kanisa ilikuwa palepale. Alisimama mpaka mapigo ya moyo yakashuka, yakawa ya kawaida, na bado alitaka, ila sasa alitaka akiwa amesimama kwa miguu yake.

Akaufunga mlango, akarudi kuketi mbele ya kaka yake, akanyoosha mikono yote miwili, akaomba kata.